Majina ya pombe yanayoficha sumu

Msomaji, ukipita jioni Nyeri, Karatina au Othaya, huenda ukasikia majina ya vinywaji ambayo mgeni hawezi kuyafumbua. Mengine yanachekesha. Hata hivyo, yafaa uyajue maana yake kabla hujainua gilasi.

Tuanze na muratina. Hili ni jina la mti, ambao Waswahili huuita mvungunya. Matunda yake marefu hukaushwa, kisha hutiwa katika maji ya asali au ya miwa ili yachachuke. Wazee wa Agikuyu huinywa pombe hii kwenye sherehe za mahari. Jina lenyewe linakudokezea kilichomo.

Sasa chukua kumi kumi. Jina hili lilitokana na bei, kwani gilasi moja iliuzwa kwa shilingi 10. Kuhusu kilichomo, jina liko kimya. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 130 waliangamia jijini Nairobi baada ya kuinywa, na wengine wakapofuka.

Kisha kukaja "sekondi jenaresheni", yaani kizazi cha pili. Hizi zilikuwa pombe kali za bei nafuu, zilizofungwa chupani na kuenea sana Mlima Kenya hadi msako mkubwa wa Julai 2015. Chupa na karatasi yake vilimfanya mnywaji adhani ni salama. Hata baada ya msako huo maafa hayakukoma: Februari 2024, pombe haramu iliwaua watu wasiopungua 17 katika kaunti ya Kirinyaga.

Ni nini huua? Mara nyingi ni methanoli, spiriti ya viwandani. Haitambuliki kwa macho wala kwa ladha. Ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho.

Jihadhari: dalili zaweza kuchelewa kwa saa 12 hadi 24. Mgonjwa hutapika, huumwa na kichwa na tumbo, kisha huona ukungu. Jamaa hudhani ni uchovu wa ulevi tu, wakamwacha alale.

Usimwache. Mkimbize hospitalini mara moja, hata kama ni usiku. Madaktari wana dawa ya kulizuia ini lisitengeneze asidi hiyo, na mashine ya kusafisha damu. Waambie wazi alikunywa nini na lini, bila kuona haya. Waliokunywa naye pia wapelekwe, hata kama bado wanacheka.

Jina linalokutajia bei tu halijakuambia unachokinywa.