Siku Mbili Charleston: Mji Uliojengwa kwa Mpunga

Charleston, katika jimbo la South Carolina, ni miongoni mwa miji mikongwe ya kusini mwa Marekani. Waingereza waliuanzisha mwaka 1670, na miaka kumi baadaye wakauhamishia kwenye rasi iliyo kati ya mito ya Ashley na Cooper. Mpunga ndio uliotajirisha mji huu. Walioulima ni Waafrika waliouzwa utumwani, baadhi yao kutoka jamii za Afrika Magharibi zilizolijua zao hilo kwa karne nyingi. Kazi na maarifa yao yanaonekana katika majengo ya mji na yanaonjeka katika chakula chake.

Mji wa kale hautaki gari. Siku ya kwanza mgeni anaweza kuanzia City Market, ambako jumba la mbele lilijengwa mwaka 1841. Hapo wasusi wa jamii ya Gullah, wazao wa watumwa hao, huuza vikapu vya nyasi walivyosuka kwa mkono. Ususi huo ulianzia mashambani, kwenye nyungo za kupepetea mpunga. Si mbali na hapo upo mtaa wa Chalmers. Mwaka 1856 mji ulipiga marufuku kuuza watu hadharani barabarani, na minada ikahamia ndani ya majengo. Moja la majengo hayo, lililoko katika mtaa huo, sasa ni makumbusho ya biashara ya watumwa. Ukielekea kusini unafika Rainbow Row, safu ya nyumba 13 za rangi mbalimbali zilizojengwa karne ya 18. Sheria ya Charleston ya mwaka 1931 ya kulinda mtaa wake wa kale ilikuwa ya kwanza ya aina yake Marekani.

Siku ya pili ni ya bandarini. Boti huwapeleka wageni Fort Sumter, ngome iliyoshambuliwa tarehe 12 Aprili 1861, na hapo vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mwaka uliofuata Robert Smalls, mtumwa aliyekuwa rubani wa meli ya Planter, aliitorosha usiku pamoja na familia yake, akaipitisha mbele ya ngome hiyo na kuikabidhi kwa jeshi la serikali kuu. Baadaye alichaguliwa kuwa mbunge katika Bunge la Marekani. Kwenye gati la zamani la Gadsden, waliposhushwa maelfu ya mateka, yapo makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi yaliyofunguliwa mwaka 2023.

Mezani, wali una heshima ya kwanza. Wali mwekundu hupikwa kwa nyanya, na ni ndugu wa wali wa jollof wa Afrika Magharibi. Wali wa kunde huliwa hasa siku ya Mwaka Mpya. Ipo pia supu ya bamia, na kamba wanaopakuliwa juu ya uji mzito wa mahindi yaliyoparazwa, chakula ambacho zamani kilikuwa kifungua kinywa cha wavuvi. Kitafunwa cha mji ni biskuti nyembamba za ufuta, mbegu iliyofika huko pamoja na Waafrika. Vyakula vingi hutiwa nyama ya nguruwe, hivyo asiyeila aulize kabla ya kuagiza.

Miezi mizuri ya safari ni Machi hadi Mei. Kiangazi kina joto kali na unyevu, na vimbunga huweza kutokea kati ya Juni na Novemba.