Samaki Mgonjwa na Chembe ya Shaba

Watoto wa Kolwezi, sogeeni karibu. Shaba mnaijua: malori yake hupita mkienda shule, na Lualaba ilipokuwa bado sehemu ya Katanga, jimbo lote liliitwa Shaba, tangu 1971 hadi 1997. Leo nawasimulia jinsi shaba inavyoingia chumbani mwa mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni samaki.

Tuseme mjomba amerudi kutoka Kalemie na samaki wa Ziwa Tanganyika, yule mwenye mistari myeusi na nundu kwenye paji la uso, ambaye wataalamu humwita Cyphotilapia frontosa. Safari yote alikuwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mjomba ni mtu wa busara, hakumchanganya na samaki wa nyumbani. Amempa tangi lake peke yake, tangi la karantini. Siku ya tatu mnamwona anajisugua kwenye kioo, chakula hakitaki, na mwilini ana vidoa vyeupe kama aliyenyunyiziwa chumvi.

Kila kidoa ni kiumbe hai cha seli moja, Ichthyophthirius multifiliis. Jina la pili ni la Kilatini, maana yake mwenye watoto wengi, na hakupewa bure. Hunona chini ya ngozi ya samaki, kisha huanguka sakafuni, hujifungia ndani ya ganda, na humo hujigawa mpaka wawe mamia. Vitoto hutoka vikiogelea kumtafuta samaki, na visipompata ndani ya siku mbili hivi, vinakufa. Ni hapo tu, vinapoogelea, ndipo dawa inavipata. Chini ya ngozi haivifikii, wala ndani ya ganda. Kwa hiyo madoa yakitoweka msishangilie: adui ameshuka chini kuzaa. Tiba iendelee.

Sasa litazameni tangi lenyewe. Lita 20 za maji ya uvuguvugu, kichujio cha sponji kinachopulizwa hewa, na kipande cha bomba la plastiki ili mgonjwa apate pa kujificha, maana samaki mwenye hofu haponi upesi. Mchanga hamna, mimea hamna, konokono hamna. Sakafu ikiwa tupu, mnaweza kuifyonza kwa mpira kila siku na kuyatoa maganda yale kabla hayajapasuka. Wavu na ndoo ya mgonjwa visiguse kamwe maji ya wazima.

Dawa ya kuanzia ni chumvi, gramu 2 kwa lita, ikiyeyushwa polepole. Lakini wafugaji wengi, hasa wa samaki wa baharini, hutumia shaba. Ile chumvi ya buluu iitwayo mrututu imetengenezwa kwa shaba. Kipimo chao ni kama miligramu 0.2 za shaba kwa lita. Fanyeni hesabu: tangi zima la lita 20 linahitaji miligramu 4, uzito usiofika robo ya punje ya mchele! Ikizidi kidogo, huharibu matamvua na samaki hushindwa kupumua. Kwenye maji laini, yenye chokaa kidogo, hata kipimo hicho kinaweza kumwua. Konokono nao hufa kabisa. Kwa hiyo shaba ni kazi ya mtu mzima mwenye kifaa cha kupimia maji, si ya mtoto mwenye kijiko.

Nikifikiria robo hiyo ya punje, moyo wangu huenda kwenye mito yetu. Watafiti wamepima maji na tope la Luilu na Musonoi, hapa hapa Kolwezi, wakakuta shaba na kobalti kupita kiasi. Mito hiyo hushuka Lualaba. Tangini tunahesabu miligramu, na kosa likitokea tunabadilisha maji. Mto hauna tangi la pili la kuhamishia samaki wake, nao wanastahili kuhurumiwa kama huyu wa mjomba.

Basi mkimaliza tiba, maji yenye dawa msiyamwage mtoni wala kwenye mfereji unaoelekea mtoni. Yamwageni kwenye ardhi kavu, mbali na kisima na bustani, kisha mnawe mikono.