Kwa Nini Kando ya Ziwa Mvua Ni Haba

Wengi hustaajabu kuona kwamba Mbita, Karungu na Muhuru, zilizo ukingoni mwa Ziwa Victoria, hupata mvua haba kuliko Rongo na Kuria, zilizo mbali na maji. Sababu yake ni upepo. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko ziwa. Basi upepo hutoka ziwani, hupita juu ya tambarare za ufuoni, na ukipanda vilima unyevu wake hupoa na kuwa mawingu. Alasiri mvua ya ngurumo hunyesha huko juu. Usiku upepo hugeuka kuelekea ziwani, na ndipo dhoruba huwakuta wavuvi wakiwa kazini.

Masika ni Machi hata Mei. Vuli huja Septemba au Oktoba, nayo haitegemeki; ndiyo maana mkulima wa ufuoni hupanda mtama na muhogo, kwani mahindi hayawezi kungoja.

Hata hivyo, ukavu huo haumwokoi na mafuriko. Mto Kuja huteremsha maji ya milima ya Kisii mpaka Nyatike, na huweza kuzamisha mashamba ambako halijanyesha tone. Katika masika ya mwaka 2024 mto huo ulivunja kingo zake, na watu wa Nyatike wakahama nyumba zao.