Misalaba mbili ku karatasi ya labo

Kila mwaka kampani inaita watumikaji wake wapimwe mwili. Damu, mapafu, macho, masikio, kisha kakopo ka mukojo. Siku mbili tatu nyuma karatasi inarudi, imeandikwa: proteini, misalaba mbili. Wengi wanaikunja, wanaitia mu mufuko, hawaambii hata bibi. Wanaogopa kusikia kama hawafai tena ku kazi. Wengine, mwaka wenye kufuata, wanakunywa maji mingi sana mbele ya kupimwa, ili mukojo ukuwe mwepesi na misalaba isionekane. Kweli, ile ujanja inafaulu mara fulani. Lakini ni munganga tu anadanganywa, figo zinaendelea na yao.

Figo ziko mbili, ku mugongo, chini ya mbavu. Ndani ya kila moja kuko vichungio vidogo karibu milioni moja. Damu inapita mule, uchafu na maji inatoka, proteini zinabakia mu damu juu mwili unazihitaji: njo zinazuia maji isijae mu miguu na mu uso. Mutu muzima mwenye afya anapoteza proteini chini ya miligramu 150 ku siku. Ikipita pale, kuko kitu. Lakini ile kitu si kila mara ugonjwa.

Mutu mwenye ametoka mu shimo, amebeba gunia tangu asubuhi, jua imemupiga, maji hakunywa, anaweza kuonyesha musalaba ile siku na kesho yake usionekane tena. Homa, hata ya maleria, inafanya vilevile. Njo maana swali ya kwanza ni: ulikojoa saa ngapi, na ulikuwa umetoka wapi? Mukojo muzuri wa kupima ni ule wa kwanza wa asubuhi, kisha kulala usiku muzima, si kisha kazi ya usiku. Mwanamuke angojee siku zake zipite, juu damu inachafua hesabu. Musalaba moja wa mara moja hautoshi kusema figo zimeharibika. Ukirudia ndani ya miezi tatu, pale mambo imebadilika.

Na mbele ya kushitaki mugodi, wandugu, tupime tansio na sukari. Ile mbili njo zinaharibu figo za watu wengi, na hazina kelele: mutu anatumika, anacheka, anakunywa pombe yake, kumbe vichungio vinakwisha. Kuko tena hepatiti B, Sida, bilarziozi kwa wenye kuoga mu maji yenye konokono, na SS kwa watoto wetu. Mutoto mwenye aliumwa koo ao vidonda vya ngozi, kisha uso unavimba asubuhi na mukojo unakuwa mweusi sawa chai, apelekwe ku hospitali. Na mama mwenye mimba ya kupita miezi tano, kama karatasi yake iko na proteini, tansio imepanda, kichwa inamuuma na anaona nyota-nyota, asingojee asubuhi. Aende usiku uleule.

Kuko tena vitu vyenye tunajinunulia siye wenyewe. Diklofenaki na ibuprofeni za soko, zenye wachimbaji wanameza kila siku juu ya mugongo. Na pomade za kufanya ngozi nyeupe: zingine ziko na zebaki ndani, ileile ya wachimbaji wa zahabu, inapita mu ngozi na kufika ku figo. Munganga akiuliza kama bibi anapakaa nini, haiko matusi.

Sasa metali. Mu 2009, watafiti wa Chuo kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kama walipima mukojo wa watu wa Katanga. Wenye kukaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti, kadmiumu, plombi na urani nyingi kupita wenye kukaa mbali. Kadmiumu inatembea pamoja na zinki, sawa ile ya Kipushi. Ikiingia mu figo, inakaa mule miaka makumi. Sigara nayo inaiongeza.

Na hapa kuko kitu chenye wengi hawajui. Ile bandeleti, kakaratasi kenye rangi-rangi, inaona zaidi proteini moja yenye kuitwa albumini. Kadmiumu inapoanza kuharibu, inatoa proteini zingine ndogo sana, na bandeleti inazipita bila kuziona. Kwa hiyo mutu wa miaka 20 mu fonderi anaweza kupata karatasi safi na figo zake zimekwisha kuguswa. Aombe wapime beta-2 mikroglobulini, ao kadmiumu yenyewe mu mukojo. Bandeleti peke yake isimutulize.

Munganga hawezi kujua ile yote kama haumuambii. Mutajie kazi yako, kiwanda gani, vumbi gani, miaka ngapi, dawa gani unameza. Omba apime tansio na kreatinini ya damu. Nguo za kazi zifuliwe mbali na za watoto. Na ukirudi kupimwa, uende asubuhi, umelala, mbele ya kubeba gunia ya kwanza.