Mtaka Ngoma Sharti Ainame

Ukitoka Kericho mjini ukifuata barabara ya Litein kuelekea Sotik na Bomet, utatazama majani ya chai hadi macho yachoke. Njiani utapita Kapkatet. Wasafiri wengi hawageuzi hata shingo, na hawajui kwamba mwaka wa 1950 wasichana wa Kipsigis waliimba hapo wimbo ambao hadi leo unasikilizwa na wapenzi wa muziki huko Ulaya na Marekani. Wimbo huo unaitwa "Chemirocha".

Huyo Chemirocha ni nani? Ukilisikia jina hilo utadhani ni jamaa wa akina Chebet na Cheruiyot. La, hasha! Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Mississippi, Marekani, aliyezaliwa mwaka wa 1897 na kufariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1933. Rodgers hakuwahi kukanyaga Afrika. Kilichofika ni sauti yake, ikiwa ndani ya santuri za gramafoni. Wakipsigis waliisikia wakaipenda, na jina lilipopita katika ndimi zao likawa Chemirocha.

Aliyerekodi wimbo huo ni Mwingereza Hugh Tracey, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake akizunguka Afrika na mitambo ya kunasa sauti. Yeye alieleza kwamba katika wimbo huo wa wasichana, Chemirocha amegeuka kuwa kiumbe nusu mtu, nusu paa. Wasichana wanamwalika acheze ngoma yao ya kuruka, aruke kwa nguvu hadi nguo zimvuke!

Huyo basi ni mgeni aliyefanywa mcheza ngoma bila kuulizwa, na bila kuondoka kwao. Lakini yuko Mmarekani mwingine wa rika lake ambaye hakungoja kualikwa. Aliifuata ngoma ya watu wengine hadi Bara Hindi, akaipa maisha yake yote.

Esther awa Ragini

Mwanamke huyo alizaliwa mwaka wa 1893 katika mji wa Petoskey, jimbo la Michigan. Wazazi wake walimwita Esther Sherman. Damu ya Kihindi hakuwa nayo hata tone. Hata hivyo, tangu ujana alivutiwa mno na sanaa ya India, na mwaka wa 1921 akaolewa na Ramlal Bajpai, Mhindi msomi aliyekuwa akipigania uhuru wa nchi yake. Esther akajipa jina jipya, Ragini Devi, akaanza kupanda jukwaani Marekani akicheza ngoma alizoziita za Kihindi. Mwaka wa 1928 akaandika kitabu kuhusu ngoma hizo, "Nritanjali".

Tusifiche kosa lake. Ragini aliwaacha watu waamini kwamba alikuwa Mhindi wa kuzaliwa, binti wa Kashmir. Isitoshe, alipokuwa akishangiliwa hivyo, India kwenyewe alikuwa bado hajafika!

Mwaka wa 1930 alifunga safari. Mwaka huo huo, mjini Madras, akajifungua binti, Indrani. Kisha akafanya jambo ambalo watu wengi wenye jina hulionea haya: alirudi kuwa mwanafunzi. Alikaa mbele ya walimu kama Mylapore Gowri Ammal, mwanamke wa ukoo wa wacheza ngoma wa hekaluni. Akaenda pia Kerala, katika chuo cha Kalamandalam kilichoanzishwa mwaka wa 1930, kujifunza Kathakali, ngoma ambayo kwa desturi ilikuwa ya wanaume.

Usidhani kazi hiyo ni rahisi. Katika Bharatanatyam, ngoma ya kusini mwa India, mchezaji hukunja magoti na kuyaelekeza nje, mgongo ukiwa wima, na kukaa hivyo kwa muda mrefu huku nyayo zikipiga sakafu na njuga zikilia miguuni. Mikono ina lugha yake: vidole vikikunjwa hivi ni ua, vikikunjwa vile ni paa. Macho na nyusi navyo vina zamu yao. Mwanafunzi huchukua miaka kabla ya kuthubutu kusimama peke yake mbele ya watu. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kwa ngoma hii ni kuinama kwa magoti yako mwenyewe.

Ngoma iliyoonewa haya

Na hapa ndipo penye kiini cha hadithi yetu. Ragini alipofika, wasomi wengi wa India walikuwa wakiionea haya ngoma hiyo. Waliokuwa wameitunza kwa vizazi ni wanawake waliotolewa kuhudumu katika mahekalu, wakiitwa devadasi. Serikali ya kikoloni, wamishonari na Wahindi wenyewe waliopenda mageuzi waliwaona kuwa watu wasio na maadili. Mwaka wa 1947 sheria ilipitishwa Madras kupiga marufuku desturi ya kuwatoa wasichana kwa mahekalu. Ngoma ilinusurika, ikaingia katika nyumba za watu wenye heshima zao, lakini wengi wa wale wanawake walioihifadhi walisahauliwa.

Msomaji wa Kericho au Bomet hatashangaa. Hata kwetu, makanisa mengi yaliwakataza waumini ngoma za jadi, na watoto waliokwenda shule wakafundishwa kuziona kuwa ushenzi. Mwenye nyumba akiona haya na chungu chake, mgeni huweza kukiokota akakisifu sokoni.

Ragini hakuiokoa ngoma ya India peke yake. Waliofanya kazi kubwa ni Wahindi wenyewe, akina Balasaraswati, aliyetoka katika ukoo wa wachezaji, na Rukmini Devi, aliyeanzisha chuo cha Kalakshetra mwaka wa 1936. Lakini Ragini aliwaonyesha watu wa mbali kwamba ngoma hizo zastahili jukwaa, akiwa na mchezaji hodari wa Kathakali, Gopinath. Binti yake, Indrani Rahman, Miss India wa mwaka wa 1952, aliipeleka ngoma ya Odissi nchi za nje, na mjukuu wake Sukanya naye akawa mchezaji. Ragini alifariki mwaka wa 1982. Mgeni alikuwa amezaa wenyeji.

Sauti zarudi nyumbani

Turudi Kapkatet. Sauti za mwaka wa 1950 zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey mwaka wa 1954. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, maktaba hiyo ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi ilizirudisha kwa Wakipsigis wenyewe. Wazee waliorekodiwa wakiwa vijana walikuwa wamebaki wachache sana. Hebu fikiria, mpenzi msomaji: mzee anasikia sauti yake ya ujanani, na wajukuu wanaouliza ni chombo gani kile kinacholia. Ni chepkong, chombo cha nyuzi, ndugu wa nyatiti ya Wajaluo.

Hapo ndipo tofauti inapoonekana. Jijini Nairobi wako mabinti wa Kenya wenye asili ya Kihindi wanaojifunza Bharatanatyam wakitoka shule, wazazi wao wakilipa karo na kungoja nje kwa saa nzima. Je, ni wazazi wangapi wa Kericho, Bomet au Nairobi wamewahi kumlipa mzee awafundishe watoto chepkong?

Kwa wanafunzi, hasa nyinyi mnaocheza ngoma za makabila mengine katika Tamasha la Muziki la Kenya, Ragini anawaachia mafunzo mawili. La kwanza, ngoma haiulizi kabila. Inauliza ni muda gani uko tayari kuipa. La pili, usidanganye ulikoipata. Mtaje aliyekufundisha, na kijiji chake, kabla hujapokea kikombe cha ushindi.

Na kwa wazazi, likizo ijayo mkiwapeleka watoto mashambani kumwona nyanya, msimwachie maziwa na mahindi tu ya kuwapa. Mwombeni awaonyeshe alivyokuwa akicheza alipokuwa msichana. Huenda akacheka, akasema magoti yanauma. Mbembelezeni. Watoto wakiona hatua mbili tu, watakuwa na pa kuanzia.