Kaisari Aliyevikwa Chapeo ya Adui

Miongoni mwa sarafu za shaba za Ufaransa ambazo hata leo hupatikana kwa wachuuzi wa vitu vya kale, zimo baadhi ambazo Napoleon III, aliyezoeleka na shada la ushindi alilovikwa kichwani baada ya vita vya Italia vya mwaka 1859, anaonekana amevaa chapeo ya Kiprusia yenye ncha kali utosini, sigara mdomoni, na shingoni ana ukosi kama wa mbwa, uliochorwa neno Sedan. Huko ndiko alikosalimu amri yeye na jeshi lake tarehe 2 Septemba 1870, na siku mbili baadaye jamhuri ikatangazwa Paris.

Kukejeli wafalme kwa nishani hakukuanza hapo, kwani Waholanzi walikwisha kumfanyia hivyo Louis XIV. Lakini dhihaka ya mwaka 1870 iliingia mifukoni mwa watu. Fundi alitwaa sarafu halali ya santimu 10, upana wake milimita 30 na uzito wake gramu 10, akaitia nakshi kwa kalamu ya chuma. Ukiipapasa kwa kidole utatambua: mistari ya chapeo imezama ndani ya shaba, ilhali pua na masharubu ya kaisari yameinuka vilevile kama yalivyotoka kiwandani. Aliuacha uso makusudi, maana angeufuta, matusi yangekosa mwenyewe. Mimi naistahi zaidi kazi hii ya mkono kuliko nishani zilizopigwa kwa muhuri mpya, ambazo maandishi yake yote yameinuka.

Hata hivyo, hizo za muhuri zina ufasaha wake. Upande mmoja kaisari ameitwa mnyonge, na mateka wametajwa kuwa 80,000. Upande wa pili, palipokuwa na tai wa dola, ametua bundi, ndege ambaye hata kwetu akilia juu ya paa watu huulizana nani mgonjwa. Na neno “empire”, yaani dola, limegeuzwa “vampire”, ambalo kwa watu wa mwambao ni sawa na mumiani. Pamoja na bundi huyo zimewekwa tarehe mbili: 2 Disemba 1851, siku Napoleon alipoipindua jamhuri, na ile ya Sedan, kama zinavyochorwa tarehe za marehemu kaburini, ijapokuwa mwenyewe alikuwa yu hai, mateka katika kasri la Wilhelmshöhe.