KITABU KATIKA NYUMBA YA MSIBA

Kufiwa hakuchagui tajiri wala maskini, wala hakungoji mavuno yaishe. Katika milima ya Mbinga, na katika mwambao wa Ziwa Nyasa kutoka Lituhi hata Liuli na Mbamba Bay, watu wetu wanajua kuchukuliana mzigo huo. Mkulima huacha kahawa na ngoro zake. Mvuvi huanika nyavu. Akina mama huleta unga na kuni. Desturi hiyo ni njema, na idumu.

Lakini matanga yakisha kuanuliwa kila mtu hurudi kwake. Hapo ndipo mfiwa huanza kuuona msiba wenyewe. Usiku Mwera huvuma juu ya ziwa lililomchukua mume au mwana, naye hana wa kusema naye. Wako wanaokimbilia pombe. Sisi twasema: katika nyumba hiyo na kiwemo kitabu.

Twawasikia wasemao kuwa kusoma hadithi wakati wa huzuni ni kumsahau marehemu. Hoja hiyo haina nguvu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mtu wa ziwani kama ndugu zetu wa Nyasa, alizika watoto wake wangali wadogo. Mwaka 1945 alimaliza kuandika, kwa Kikerewe, habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke wapendanao waliokosa mtoto. Mke anachukuliwa na wazazi wake kwa ajili ya masimango ya ukweni; mume anamfuata, anatozwa pombe ya ndizi, na havunjiki moyo. Kitabu kilingoja miaka 35 kabla ya kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1980, na mwaka uliofuata mwandishi akafariki. Je, mtu huyo aliwasahau watoto wake? Naye Shaaban Robert, aliyefiwa na mkewe Amina, alisimulia maisha yake katika kitabu cha mwaka 1949, na mwaka 1951 akatupa Kusadikika. Msiba haukumnyang'anya kalamu.

Mfiwa asomaye vitabu hivyo hucheka mahali pa kuchekesha, na machozi yakimjia hayamwaibishi. Huona kwamba njia anayoipita ina nyayo za waliomtangulia.

Sheria ya huduma za maktaba nchini ilitungwa mwaka 1963, lakini Songea yenye maktaba ya mkoa ni mbali kwa mtu wa mwaloni. Kwa hiyo twawaomba viongozi wa matawi, walimu, na vyama vya ushirika vya kahawa: wekeni japo sanduku moja la vitabu katika kila kijiji. Ajuaye kusoma amsomee asiyejua, jioni, barazani.

Unga wa jirani hulisha siku za matanga. Siku zinazofuata ni nyingi zaidi, nazo pia zataka chakula chake.